Mtaalamu wa Pamba wa Miezi Miwili

Kampuni ilipokubali ombi langu la kufanya fildi, baba aliisoma barua ya majibu mara tatu, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati na kwenda nayo mnadani Nkololo. Alirudi jioni barua ikiwa na alama za vidole vya nusu ya kata. Kwa akili yake, nilikuwa nimekwisha kuajiriwa. Nilimweleza kwamba ni mafunzo tu, miezi miwili ya likizo ndefu ya chuo, mwanafunzi anakwenda kutazama kazi zinavyofanyika kisha anaandika ripoti.

"Sasa wakishakuona unavyotazama," alisema, "watakubali uondoke?"

Miaka hiyo soko la pamba lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Ushirika, ambao tangu nizaliwe ndio peke yake ulikuwa unanunua pamba yetu, na mara nyingine kuiacha inyeshewe kwenye magulio kwa kukosa malori, ulikuwa hoi. Kampuni binafsi zilikuwa zinaingia Bariadi moja baada ya nyingine, kila moja na rangi zake. Ya kwangu ilichagua kijani na njano. Geti lake lilikuwa zuri kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya geti hilo.

Meneja alikuwa mtu wa Dar es Salaam. Alifunga tai kila siku katika lile vumbi la Julai, na kila siku saa nne asubuhi tai ilikuwa imeshakuwa na rangi ya barabara. Siku yangu ya kwanza alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Karibu sana katika familia yetu, dada. Hapa sisi ni familia moja."

Wiki nzima familia haikunipatia kiti. Nilikaa koridoni juu ya debe la rangi ya kijani lililobaki baada ya kupaka geti. Aliyepita aliniuliza nimekuja kumwona nani. Nilipewa fulana yenye nembo, kofia yenye nembo na kalamu yenye nembo. Ile kalamu haikuandika.

Kazi pekee niliyokuwa nayo ilikuwa kuhudhuria kikao cha asubuhi. Meneja alisimama mbele ya ubao akatufundisha maneno mapya: ushindani, ufanisi, utandawazi. Alilipenda zaidi neno mteja. Mteja ni mfalme, mteja kwanza, bila mteja sisi si kitu. Siku ya tatu nilinyoosha mkono, kama tulivyozoea darasani, nikauliza kama mkulima anayetuletea pamba naye ni mteja.

Mhasibu alitazama viatu vyake.

"Mkulima," alisema Meneja baada ya kufikiri, "ni mdau."

Kila mtu aliandika kwenye daftari lake. Na mimi niliandika.

Wiki ya pili nilipelekwa Idara ya Ubora. Nilitegemea maabara. Nilimkuta mzee mmoja wa miaka hamsini na kitu, amekaa kwenye chumba chenye kabati moja, anachokonoa meno kwa njiti. Huyo ndiye alikuwa Afisa Ubora, na idara nzima ilikuwa yeye na kabati. Alikuwa ameupima ubora wa pamba kwenye ushirika miaka ishirini, akapunguzwa kazi, kisha kampuni ikamchukua kwa mkataba wa msimu kwa sababu alikuwa anajua njia za vijijini na majina ya wenyeviti.

Alifungua kabati, akatoa boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na kifaa cheusi, ukubwa wa mche wa sabuni, chenye sindano mbili ndefu mbele na taa tatu ndogo juu: kijani, njano na nyekundu.

"Hiki kinapima unyevu," alisema. "Kimetoka Ulaya. Unakichoma kwenye pamba. Kikiwaka kijani, pamba ni safi. Kikiwaka njano au nyekundu, ni fifi."

Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua maneno hayo mawili kabla hajajua kusoma. Safi ni pamba nyeupe, kavu, isiyo na majani, na ina bei yake. Fifi ni iliyobaki, na bei yake ni ya kumvunja mtu moyo.

"Nani anakitumia?" niliuliza.

"Kuanzia leo, wewe. Umesoma."

Kwa hiyo nikawa mtaalamu. Kila asubuhi tulipanda pikapu ya kampuni, mzee mbele na dereva, mimi nyuma na karani wa mizani, boksi nimelipakata kama mtoto mchanga, tukaenda kwenye magulio. Gulio lilikuwa banda la bati, mizani, meza na mlolongo wa watu wenye mikokoteni na baiskeli. Meneja alikuwa ameagiza kwamba kabla ya kuanza kupima, mtaalamu atambulishwe. Mzee alinitambulisha kwa Kisukuma, akasema nimetoka chuo kikuu na kwamba nimekuja na mashine isiyojua kudanganya. Watu waliitikia kwa mguno. Kisha nilitoa kifaa kwenye boksi, polepole, jinsi nilivyoelekezwa.

Nisijifanye malaika. Nilipenda. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kofia yenye nembo, na wanaume wa umri wa baba yangu walikuwa wanashika pumzi wakisubiri taa. Nilichoma sindano, taa ikawaka, nikatamka "fifi" kwa sauti niliyoiazima kwa mhadhiri wetu wa takwimu. Akina mama waliniita daktari. Babu mmoja aliweka gunia lake chini, akakunja mkono wa shati na kuniomba nimchome na yeye, maana alikuwa anasikia baridi tangu juzi na zahanati hapakuwa na dawa. Nilimweleza kwamba mashine ni ya pamba. Aliondoka akiamini nimemnyima.

Jambo moja lilinisumbua kidogo. Jioni pikapu na malori yalirudi kiwandani, pamba ikamwagwa kwenye uwanja wa jineri ikisubiri kuchambuliwa. Siku moja nilimuuliza mzee fifi inahifadhiwa wapi. Alinionyesha lundo.

"Na safi?"

Alinionyesha lundo lile lile.

"Zikishaingia humu ndani zote ni pamba," alisema, akaendelea kuchokonoa meno.

Niliandika kwenye daftari langu la fildi kwamba hifadhi inahitaji kuboreshwa. Chuo kilikuwa kimetufundisha kuandika hivyo.

Tulifika gulio la karibu na kwetu Nkololo wiki ya nne. Senge yangu, yaani dada yake baba, alikuwa kwenye mstari tangu alfajiri. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mjane mwenye ng'ombe wake mwenyewe, na kijiji kizima kilimwogopa kwa ulimi. Aliponiona na ile kofia alitabasamu mpaka mwisho. Alimgeukia jirani akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba yule ni binti wa kaka yake, alimbeba mgongoni.

Zamu yake ikafika. Nilimsalimia nikiwa nimepiga goti kidogo, "Mwangaluka, senge," akaitika, kisha akafungua mashuka yake matatu ya pamba juu ya turubai. Ilikuwa nyeupe kama ugali wa sembe. Nilichoma. Taa nyekundu.

Nilitoa sindano, nikachoma pembeni. Nyekundu.

"Inasemaje?" aliuliza senge, bado anatabasamu.

"Fifi, senge."

Tabasamu liliondoka taratibu.

"Ichome tena."

Nikachoma. Safari hii ikawaka njano. Watu wakasogea. Nikachoma shuka lile lile, shimo lile lile, ikawaka kijani. Mtu nyuma alicheka. Senge aliweka mikono kiunoni.

"Mwanangu, hebu niambie. Mwaka jana niliinyunyizia maji pamba yangu ili izidi uzito. Kila mtu hapa anajua, na wao waliinyunyizia. Karani akaichukua, akasema safi. Mwaka huu nikasema hapana, kampuni imeleta binti yangu, tusimwaibishe. Nimeianika siku nne. Siku nne namfukuza mbuzi. Halafu leo, leo ndiyo imelowa?"

Gulio zima liliangua kicheko, na mimi niliomba ardhi ipasuke. Mzee wa Ubora alikuja haraka, akaangalia kile kifaa, akakigonga mara mbili kwenye kiganja.

"Mashine imepata joto," alisema. "Lakini ilianza kusema fifi, na neno la kwanza ndilo tunaloliandika."

"Neno la kwanza la nani?" senge aliuliza. "Sijasikia mtu akisema. Nimeona taa."

Alifunga mashuka yake. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mnunuzi wa kampuni nyingine, kijana mwenye redio na mizani, asiye na mashine wala mtaalamu. Yeye aliita kila pamba safi. Senge alivuka, na nusu ya mstari wetu ilivuka naye. Ushindani aliotuhubiria Meneja nilikuwa nauona kwa macho yangu, umbali wa hatua ishirini. Baadaye jioni, nilipopitia nyumbani, baba aliniambia kwamba mizani ya yule kijana ilimeza pamba ya senge ya gunia zima bila kutapika kitu. Kwa hiyo tulikuwa na soko huria kamili: mkulima alikuwa huru kuchagua aibiwe na taa au aibiwe na jiwe la mizani.

Jumapili sikwenda popote. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga pale Bariadi mjini, na Jumapili ilikuwa siku pekee isiyo na kelele. Nilikuwa nimebeba lile boksi kwenda nalo chumbani nikidhani betri zimechoka. Chini ya sponji, pale ambapo inaelekea hakuna mkono uliowahi kufika, nilikuta kijitabu cha maelekezo, bado kimo ndani ya nailoni yake. Jalada lilikuwa na picha ya mwanamume mwenye ovaroli akichoma sindano kwenye ubao. Ukurasa wa pili, fundi akichoma fremu ya mlango. Ukurasa wa nne kulikuwa na orodha ndefu ya miti ya Ulaya, na kila mti na kiwango chake cha unyevu.

Nilisoma mpaka jalada la nyuma nikitafuta neno pamba. Halikuwemo. Kwa wiki tatu nzima nilikuwa nahukumu jasho la watu kwa kifaa cha mafundi seremala.

Nilichoma meza ya chumba changu. Kijani. Nikachoma tena. Kijani. Mara kumi, kijani. Kifaa hakikuwa na kasoro hata kidogo.

Jumatatu nilifika kwa Meneja na kijitabu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kupongezwa, kwa kweli. Nilikuwa nimefanya kile vitabu vyetu vya chuo vilichokiita kugundua tatizo. Meneja aliangalia ile picha ya jalada kwa muda.

"Dada, wewe unasomea kilimo?"

"Ndiyo, meneja."

"Basi nieleze. Pamba si mti?"

Nilifungua ukurasa wa nne, nikamwonyesha ile orodha ya miti.

"Haina shina? Haina matawi, haina majani?"

"Inayo, lakini tunachonunua ni—"

"Basi ni mti." Alikifunga kijitabu na kukitia kwenye droo. "Hiki kifaa kimenunuliwa na makao makuu. Unataka niwaandikie makao makuu kwamba hawajui tofauti ya pamba na mlango? Wewe umekuja hapa kujifunza au kufundisha?"

Nilisema kujifunza. Ndivyo barua yangu ilivyosema.

"Basi jifunze," alisema kwa upole kabisa, akaifunga droo kwa ufunguo.

Nilirudi kwenye chumba cha Idara ya Ubora nikiwa na hasira. Nilimwambia mzee yote. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua si ya pamba," alisema. "Siku ya kwanza tu nilijua. Pamba unaipima kwa meno. Unachukua mbegu, unaiuma. Ikilia 'ka' ni kavu. Ikibonyea imelowa. Miaka ishirini nimepima hivyo, na sikuwahi kukosea zaidi ya anavyokosea binadamu."

"Sasa kwa nini unaniacha niwachome watu na hiki kitu?"

Alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza namwona ameweka njiti chini.

"Binti, wakati wa ushirika nikisema fifi, mtu ananitukana mimi. Anajua nyumba yangu, anajua mke wangu. Ng'ombe wangu wawili waliwekewa sumu. Sasa hivi anasema nani? Taa. Umeona mtu ameipiga taa? Mimi mkataba wangu ni wa msimu. Nimebakiza watoto watatu shuleni. Niache."

Nilichofanya ni hiki, na si kikubwa. Kwenye magulio yaliyofuata nilikichoma kile kifaa kwa ajili ya macho ya Meneja, kisha nikachukua mbegu nikaiuma, na nikatamka kile meno yalichosema. Mzee aliniona siku ya kwanza, akageuza uso kuangalia malori. Ilidumu siku nne. Siku ya tano karani wa mizani alipeleka habari kwamba safi zimezidi, nikaondolewa magulioni.

Wiki zilizobaki nilitafsiri mabango. Makao makuu yalikuwa yameleta kauli za Kiingereza za kubandika ukutani, na Meneja alitaka ziwe za Kiswahili kabla wageni hawajafika. "Ubora ni Utamaduni Wetu" nililibandika mimi mwenyewe juu ya mlango wa choo, kwa sababu ukuta huo ndio uliokuwa umebaki wazi. Hakuna aliyeuliza.

Mhadhiri wangu alikuja kunikagua wiki ya mwisho. Alikuwa ametoka kukagua wenzangu Nyashimo na Maswa, na alikuwa na haraka ya kuwahi Mwanza. Meneja alimchinjia mbuzi. Walikula ofisini, mimi nikinawisha mikono, na Meneja akaeleza jinsi kampuni inavyoleta teknolojia ya kisasa kwa mkulima mdogo. Alitoa kile kifaa. Mhadhiri alikishika kwa vidole vyenye mafuta, akakigeuza, akasema, "Hii ndiyo tunayoitaka vyuoni."

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Aliniuliza, kama fomu yake ilivyotaka, kama nilipata changamoto yoyote.

"Mwalimu, kile kifaa ni cha kupimia mbao."

Alisimama, mguu mmoja ndani ya gari. Nilimwona akinielewa. Nina hakika alinielewa, kwa sababu aliangalia kwanza kule ofisini kabla ya kunijibu.

"Una uhakika?"

"Nimesoma kijitabu."

"Kijitabu kipo?"

"Kiko kwenye droo ya meneja."

Alivuta pumzi. "Iweke kwenye ripoti," alisema. "Sura ya mwisho. Mapungufu ya utafiti. Lakini iwe aya moja, usiifanye kesi."

Niliiandika aya moja. Niliandika kwamba kifaa kilichotumika kilikuwa na ukomo fulani katika mazingira ya pamba mbegu. Nilijivunia sana sentensi ile wakati naiandika. Ilikuwa laini, haina mtu ndani yake. Nilipata A. Pembeni ya aya ile mhadhiri aliweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na pembeni ya jalada akaandika kwamba kichwa cha ripoti ni kirefu mno. Miaka imepita na nimeandika ripoti nyingi za namna ile, kwa taasisi nyingi, na bado najua kutunga sentensi isiyo na mtu ndani.

Kabla ya kurudi chuo nilikwenda kumwona senge. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, na nilitaka kumweleza kila kitu, mbao, meno, droo. Alinisikiliza huku akipukuchua mahindi. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Hiyo kampuni, mwakani wataajiri?"

"Senge, hujanisikia? Ni wezi."

"Nimesikia. Si nimeona mwenyewe? Nauliza kama wataajiri. Binamu yako amemaliza darasa la saba, yupo tu hapa. Wewe wanakujua. Mwandikie barua."

Nilimwandikia. Niliandika vizuri, kwa lugha ya Meneja, nikatia ufanisi na ushindani. Hawakumjibu. Msimu uliofuata walifunga tawi la Bariadi wakahamia sehemu nyingine yenye pamba, na mzee wa Ubora, nilisikia, alichukuliwa na yule kijana wa ng'ambo ya barabara.

Likizo iliyofuata nilimkuta senge amepunguza shamba la pamba nusu. Kwenye udongo mweusi kule bondeni, alikopandaga pamba tangu nikiwa mdogo, alikuwa amepanda dengu. Nilimuuliza kwa nini.

"Dengu bado hazijapata wataalamu," alisema.

Kisha akanipa ungo, tukaenda uani kupepeta, kwa sababu upepo ulikuwa mzuri.